Bamvua

Miezi minne na siku kumi nilihesabu nyufa za dari.
Siku ya kumi na moja nikamwambia Mize, mtoto wa dada yangu:
lile hema lako la mtumba, la rangi ya ndimu, bado lipo?
Akacheka. Akadhani msiba umenivuruga akili.

Wifi yangu Bi Raya hakucheka.
"Umetoka eda juzi, ukalale mwituni na kaa?
Watu watasemaje?"
Watu, wifi, walishasema.
Walianza siku ya khitma, wakila wali wangu.

Boti ya asubuhi, Malindi hadi Mkoani.
Baharia akapita na mifuko myeusi ya kutapikia,
akiigawa kama halua ya maulidi.
Kwenye televisheni watu wanapigana bila sauti.
Nungwi ilipobaki nyuma mkondo ukatushika;
mama mmoja mbele yangu akasoma, akatapika, akasoma.
Mimi nilikuwa na njaa.
Njaa ya kwanza tangu Mfunguo Tatu.

Mkoani tukanunua mikate ya mofa, pweza mkavu,
galoni mbili za maji, kiberiti.
Faki, mwenye mashine, alitutazama,
wanawake wawili na godoro la sponji,
asiulize kitu.
Akatushusha kwenye maji ya goti.
"Kesho kutwa, alasiri," akasema,
akaondoka na kelele zake zote.

Kisiwa chenyewe hakina zahanati, hakina kadhi,
hakina hata jogoo.
Mikandaa, majabali makali, msitu mfupi uliojaa popo,
na kaa wapana kama visahani vya kahawa.
Tukasimika hema mchangani, pahala pazuri, tambarare,
mlango ukitazama maji.
Mize akapiga picha nane.

Usiku nikamweleza yale ambayo chumba cha eda hakikuyataka:
kwamba Mselem alizidisha ndimu kwenye kila mchuzi,
kwamba miaka kumi na tisa alilala upande wa mlango,
"mwizi akija anikute mimi kwanza."
Mwizi hakuja.
Ilikuja presha, nayo haikupita mlangoni.

Mwezi kumi na tano, umejaa juu yangu kama sinia,
nami, mtoto wa pwani, sikuutazama.
Saa nane za usiku kitu cha baridi kikanigusa nyayo,
kikarudi nyuma, kikanigusa tena,
kama paka anayetaka kuingia ndani.
"Mama mdogo," Mize akasema, "mbona tunaelea?"

Bamvua. Bahari nzima, bila hodi.
Godoro likanywa mpaka likashiba.
Mikate ikaondoka.
Tukaburura hema mpaka juu ya mwani mkavu,
mstari ule ule uliotuonya tangu jioni
tukauona takataka.
Mize kashika kamba, mie nimeshika nguzo,
kanga imenivuka, nywele wazi,
nikacheka.
Kicheko kilitoka kibaya,
bawaba iliyokaa bila mafuta,
lakini kilitoka,
na popo wote wakanyanyuka msituni kwa hasira.

Waliponiogesha eda ilikuwa kwa ndoo, uani,
mikono ya watu sita, maji yenye asumini.
Hakuna aliyeniuliza kama ni ya moto mno.
Haya yalikuwa ya baridi
na hayakuwa yakinisikitikia.

Kulipokucha tukahesabu:
kiberiti kimelowa, galoni moja imenasa mikandaani,
kiatu cha Mize, cha kulia, hakionekani mpaka leo.
Kaa wakatutazama kwa macho yao ya vijiti
kama majirani.
Tukaanika godoro juu ya jabali,
tukatafuna pweza mbichi wa jua, tukasinzia.

Bi Raya alipiga simu; mtandao ukamkata
katikati ya neno "aibu".

Usiku wa pili nililala upande wa mlango.