Sura ya Tatu

Dakta Mchopa hakuisifu wala hakuiponda, aliirudisha.
Kurasa ishirini, wino mwekundu pembeni:
"Kwa nini watoto hutoroka." Nani kakuambia wanatoroka?
"Wengi." Wangapi?
"Inajulikana kwamba." Na nani? Wapi? Lini?
Nikakaa kwenye ngazi za maktaba, Mtwara inachemka,
mwalimu wa miaka kumi na sita kazini
nisiyejua kuuliza swali.

Basi nikajifunza, kama mtu anayezoea
kushika jembe kwa mkono wa kushoto.
Kwamba hojaji ni mgeni:
usipoifunza adabu itaingia chumbani bila hodi.
Kwamba sampuli ni majina kwenye kopo la maziwa ya unga,
tikisa, fumba macho, chomoa,
asipendelewe mtoto wa mwenyekiti.
Lakini kuaminika na uhalali
vilinigomea wiki nzima,
mpaka Dakta akaweka kalamu chini:
"Wewe mtu wa Kitangari, kangomba huijui?
Bakuli lile lile la mnunuzi, kila siku, kila mkulima,
halipungui, haliongezeki.
Linaaminika.
Haya niambie, kipimo hicho ni halali?"

Oktoba nikapanda Newala na barua yenye mhuri.
Mabibo yameanguka, hewa tamu inaanza kuchacha.
Shule yangu ya zamani ina mkuu mpya,
akanifungulia kabati la stoo:
mahudhurio ya miaka kumi na mitano,
pembe zimeliwa na mchwa.
Rula. Kalamu ya risasi. Nikahesabu.
Kila Oktoba U, U, U, utoro umejipanga kama mikorosho,
ila darasa la tano, mwaka elfu mbili na kumi:
tiki, tiki, tiki,
asilimia tisini na nane.
Nilifurahi, nakiri.
Nikaandika kwenye daftari langu:
"Chunguza. Mwalimu huyu alifanya nini?"

Halafu nikauona mkia wa zile tiki,
unavyopinda juu kama ndoana.

Mwalimu huyu
alikaa mbele ya madawati matupu
akayajaza kwa wino,
kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

Kopo likamtoa Twalibu, darasa la pili.
Mzazi: Somoe Nangumi.
Jina la kumi na saba katika daftari lile.
Nilimkuta uani anageuza korosho juani,
akanipa kigoda, akaendelea kugeuza.
Nikamsomea fomu ya ridhaa, neno kwa neno:
una haki ya kukataa, una haki ya kuacha wakati wowote.
"Hata katikati?"
"Hata katikati."
"Ah," akasema. "Siku zile haikuwepo hii."

Haikuwa kwenye hojaji, wala mwongozo wa usaili,
lakini nilikuwa na picha ya ukurasa kwenye simu
na nikamwonyesha.
Akafuata mstari wake kwa kidole chenye utomvu,
tiki ishirini na mbili, hakuruka hata moja.
"Kumbe nilikuwepo," akasema.
Kisha, bila hasira, kama anayeulizia chenji yake:
"Nionyeshe basi, Mwalimu. Nilisoma nini?"

Hakuna aliyenifundisha
mtafiti hufanyaje akiulizwa yeye.

Akaomba kalamu. Akaandika jina, herufi moja moja,
ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo:
S, o, m, o.
Akasita. Akanirudishia.
"Imekaa sawa?"
Nikasema imekaa.
Mpaka leo sijui ile ilikuwa adabu ya utafiti
au ni mkono ule ule tena, unaweka tiki.

Usiku, gesti ya Newala, umeme umekatika,
nikaandika kwa mwanga wa simu, Sura ya Tatu,
Mipaka ya Utafiti:
"Mahudhurio ya darasa la tano, 2010, hayakutumika.
Yalijazwa bila watoto."

Imerudi leo. Wino mwekundu, neno moja:
"Chanzo?"

Nimeandika jina langu,
mkato,
mwaka.