Tisa Yangu, Sifuri Yake

Saa sita mchana, kabla mwadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti,
ruta ya Zamoyoni inazima taa zake tatu,
inajiwasha upya polepole,
na foleni ya wakala pale Mbagala Kizuiani
inaguna.

Walilaumu laini, wakabadili laini.
Wakalaumu mnara, joto, fundi wa kuchomelea mageti.
Nikaitwa mimi, na kompyuta yangu isiyo na herufi G.

Ndani, kwenye orodha ya amri zilizopangwa,
mstari mmoja tu. Mkono wangu, mwaka jana:
dakika sifuri, saa tisa, kila siku, jiwashe.

Tisa nilimaanisha ile ya usiku,
mbwa wamechoka kubweka,
hakuna wa kutuma wala wa kutoa.

Lakini sanduku halikulelewa kwetu.
Halihesabu tangu machweo wala macheo.
Siku yake inaanza usiku wa manane,
tena manane ya Greenwich.
Tisa yake, ongeza tatu:
jua la utosi, watu kumi na wanne mlangoni.

Nikafuta tisa. Nikaandika sifuri.
Ndiyo hiyo hiyo, tisa yangu ya usiku,
kwa lugha yake.

Kesho yake nikakaa kwenye benchi, nimeshika soda.
Adhana ikapita. Taa tatu, kijani, kijani, kijani.

Zamoyoni hakuuliza nani aliandika ule mstari.
Alinihesabia elfu kumi na tano.

Nikapokea.