Mwiko

Miaka kumi na tisa niliosha vioo vya Profesa Abonyo,
maabara ya nyuma, Kisumu.
Umeme ukikatika nilikimbilia barafu kwa wauza samaki;
ubongo ukalala sanduku moja na harufu ya mbuta.

Alihesabu seli kama achambuaye mchele,
akitafuta pale malaria ilipoacha cheche
ya kuwaka baadaye, mtoto keshapona, yuko shuleni.
"Bado," alisema. Kila jioni, bado.

Makala yake ya nne, wanasema, imenukuliwa mara elfu mbili.
Barua zilitoka miji ambayo ulimi wangu haujaizoea.
Walikosea jina lake. Hakusahihisha.

Juzi, Ahero, foleni ya kinu cha mpunga,
mvulana alianguka, macho yakageuka meupe.
Mtu akapaza sauti: leteni mwiko!
Mama mmoja, mikono imejaa pumba,
akamlaza ubavu, akamlegeza kola, akatazama saa.
"Mwiko wa nini? Ubongo umeshika moto tu. Utapoa."

Nikamuuliza alijifunzia wapi.
Akainua mabega:
mbona kila mtu anajua.

Nimekaa na jibu hilo tangu juzi,
Profesa. Halina tanbihi.