Sumaku ya Fundi

Mwezi wa sita, Mwanjelwa. Baridi inauma
kama mteja aliyepewa tarehe tatu za uongo.
Nimeketi kwenye cherehani, shali juu ya shali,
na chini ya shali, upande wa kushoto,
kifuko kimekaa mahali pa titi,
kigumu, baridi kuliko mimi,
kinakunywa polepole.

Kila wiki ya pili naenda kukinywesha.
Nesi Tusajigwe huning'iniza sumaku kwenye uzi;
uzi unayumba, unatafuta, unasimama:
hapa. Anatia alama ya kalamu.
Sindano inaingia. Sisikii, ngozi ile ilishasahau.
Mililita sitini za maji ya chumvi.
Mimi mzaliwa wa Masoko, wa migomba na mvua,
sijawahi kuiona bahari,
na sasa natembea na robo kikombe yake.

Usiku ngozi inavutika, inanung'unika.
Naijua kazi hiyo. Kitambaa ukikivuta ghafla
kinaachia kwenye mshono.
Ukikilowesha, ukapitisha pasi ya uvuguvugu,
ukasubiri,
kinakupa nusu inchi ambayo hakikuwa nayo.
Daktari Kihwele alipoanza kunieleza
nilimwambia, baba, nenda kwa wagonjwa wengine,
mimi ni fundi.

Daftari langu la vipimo lina wanawake mia nne.
Mama Sekela, kifua arobaini na mbili.
Bi harusi wa Iyunga, thelathini na nne,
alizimia kanisani kwa kujibana.
Ukurasa wa mwisho nimejiandika mwenyewe,
kushoto tu: robo, robo, nusu.
Kwa penseli. Sijui nitaishia wapi.

Jana pini zilimwagika.
Nikainama na sumaku yangu kuukuu,
ile niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa,
nikaipitisha karibu na kifua bila kufikiri,
ikaninasa. Pa! Juu ya gauni.
Atuganile, mwanafunzi wangu, akapiga yowe,
kisha tukacheka
hadi mteja akatoka nje akidhani tumerogwa.
Kilio kilikuja baadaye, duka limefungwa,
nikiokota pini kwa vidole.

Lugano bado hajui aweke wapi mkono.
Huuacha hewani, kama mtu anayeuliza njia
kwenye ukungu wa Igawilo.
Simwelekezi. Na mimi ni mgeni huku.

Lile la zamani lilinyonyesha watatu, kisha likaficha jiwe.
Hili halitanyonyesha mtu.
Halitasikia mkono, halitasikia baridi.
Mama mkwe ameuliza, si kwa ubaya,
akimenya viazi, bila kuniangalia:
sasa la nini?

La gauni la zambarau, mama.
Nililikata mwaka juzi, kabla ya yote.
Lipo nyuma ya mlango, halina vishikizo bado.
Wote wamenishauri nilipunguze kifuani.
Nimekataa kulipunguza.