Matone Matatu

Saa kumi na moja alfajiri, Mufindi.
Ukungu umeegemea dirisha kama mtu anayedai.
Nimelala, sijalala, sijui.
Ulimi ni kipande cha gunia,
na moyo, huu moyo,
unakwenda kama mashine ya kusaga yenye mkanda mbovu:
ta-ta, ta, ta-ta-ta,
kisha kimya,
nami nangoja kuona kama utarudi.

Jana kilabuni kwa Sekalinga tulikunywa mkangafu,
ulanzi wa siku tatu, unaouma hadi puani.
Mbeta ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa ujamaa,
ya tatu sikumbuki nani alilipa.
Mvua ilitwanga bati.
Tulicheka, hilo nalikumbuka.
Halafu nakumbuka nimesimama juu ya benchi
na wenzangu wameacha kucheka.

Nilisema nini?

Pombe huondoka na funguo, ikauacha mlango wazi.
Sasa kila aibu yangu, tangu ile ya darasa la tatu,
inaingia na matope miguuni,
inakaa kitandani,
inaniuliza habari za nyumbani.

Chini ya godoro kuna kachupa.
Aidani alikaleta, yule binamu wa malori,
kamevuka Tunduma ndani ya soksi.
"Mafuta ya bangi isiyolewesha," alininong'oneza,
"kule Joburg hata mabibi wanatia kwenye chai."
Nilimcheka: bangi isiyolewesha
ni pilipili isiyowasha, ya nini?
Na nikikutwa nayo hapa,
askari wa Mafinga nitamweleza habari ya kutolewesha
nikianzia wapi?

Leo sicheki.
Tone la kwanza chini ya ulimi: nyasi zilizonyeshewa.
La pili: uchungu kidogo, kama maji ya mti.
La tatu halikukusudiwa, mkono ulitetemeka.

Nikalala chali nikihesabu mbao za dari.
Subilaga akaamka bila kusema neno,
akapuliza moto, moshi ukapita chini ya mlango.
Akaja na uji wa ulezi uliokamuliwa ndimu,
akaniwekea mgongo wa kiganja shingoni
jinsi anavyompima mtoto homa.
Mahali fulani kati ya bakuli na kile kiganja
mkanda ukakaa sawa kwenye gurudumu.
Ni matone? Ni ulezi? Ni saa tu zilizopita?
Aidani ataapa ni mafuta.
Mimi siapi.

"Nilisema nini jana?"
Alikuwa akifunga kanga, hakugeuka.
"Ulisema mizani ya chai inakula kilo mbili kila kikapu.
Ulisema unajua, kwa sababu wewe ndiye karani.
Ukalia. Wakakuleta wawili, mmoja akiwa na kiatu chako."

Nilitazama kachupa.
Kalikuwa kamejaa bado, rangi ya asali changa,
na hakakuwa na tone hata moja la jambo hili.

Saa mbili. Kituoni ukungu umepanda hadi kwenye mikaratusi.
Wamama wamepanga foleni, vikapu mgongoni,
mikono myeusi kwa utomvu.
Siku zote foleni hii ina kelele:
nani kaposwa, nguruwe wa nani kaingia shamba la nani.
Leo hakuna anayesema.
Msimamizi yuko ndani, nasikia kijiko chake kikizunguka kikombeni.

"Kamwene," nikasema.
"Kamwene," wakaitikia, taratibu,
kama watu wanaopima neno kabla ya kulipokea.

Semhongole akaweka kikapu chake kwanza.
Hakuitazama mizani. Alinitazama mimi.
"Soma, karani."

Moyo ukaanza tena, ta-ta, ta,
ila safari hii niliujua unachotaka.
Sindano ilisimama kwenye kumi na tisa.
Nikalowesha ncha ya penseli
nikasema kwa sauti, ili hata kile kijiko kisikie:
"Ishirini na moja."