Riyali Kumi na Mbili

Ghaniya kanifunga mkanda leo asubuhi,
chini ya kanga, juu ya shimizi,
kamba mbili mabegani, moja kiunoni,
akavuta kama anayetandika punda.
"Taratibu," nikamwambia, "huo mgongo, si gunia la tende."
Akacheka. "Nusu saa tu, bibi. Kesho tutazidisha.
Daktari kasema usiutegemee.
Mkanda unakumbusha, kazi ni ya nyama yako."

Haya, nusu saa. Nikasimama jikoni, Mabela,
kiyoyozi kinakoroma, jua la Juni limeng'ang'ania ukuta,
na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini
nikaona juu ya friji.

Vumbi! Vumbi la kuotesha mchicha.
Na kifuniko cha birika tulichokitafuta Idi mbili.
Na mjusi kafa, kakauka,
mkono kauinua kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje.
Wanangu wote warefu. Kila siku wanalifungua friji hilo,
na hapana aliyeniambia.

Mgongo huu nimeukunja mwenyewe, tundu kwa tundu.
Nilianza kutia viua nina miaka kumi na minne,
Unguja, chumba cha uani, taa ya chemni.
Nikaja nao huku, mgongo na sindano,
Kiarabu changu cha msikitini tu,
sokoni nanunua kwa kidole.
Asiye na maneno huinamisha kichwa,
na kofia ikanipa udhuru:
nashona, niacheni, nahesabu.

Nimewavika wanaume wa nyumba kumi na tatu.
Asubuhi ya Idi wanatoka, shingo zimesimama,
hathubutu mtu kuinama, kofia isije ikaanguka.
Kazi yangu iko juu kabisa, inapigwa na mwanga.
Mimi mlangoni
nawatambua kwa makubadhi.

Juzi, arusini kwa kina Shinuna,
nimeuvaa ndani ya dera, nimeketi wima kama msumari.
Bi Shinuna akamnong'oneza jirani yake
kwa sauti iliyopimwa initosheleze:
"Huyu siku hizi kapandisha mabega. Wanawe wamepata vyeo?"
Nikamgeukia mwili mzima, maana shingo peke yake haikubali:
"Kiburi hiki, shoga, riyali kumi na mbili,
duka la dawa, Al Khoudh, ubavuni mwa pampu ya petroli.
Na saizi yako ipo."

Siusifu, lakini. Unachoma kwapani.
Jasho linakusanyika chini ya kamba, pananiwasha
mahali ambapo mkono wangu haufiki tena.
Usiku misuli inanung'unika,
kama wapangaji walioamshwa kudaiwa kodi ya miaka.

Adhuhuri naufungua.
Gundi yake inalia kama kitambaa kinachochanwa,
na mimi, mshonaji, kila siku nashtuka.
Rukuu siisali nimefungwa.
Kuinama kule hakuna daktari aliyenikataza,
na ninapoinuka, nasema nilichofundishwa kusema,
nainuka na mgongo mtupu, wa kwangu,
unafika unapofika.

Kofia sasa naiweka juu ya mto,
mto juu ya meza, ije yenyewe machoni.
Miaka hamsini nimeifuata chini.
Imenuna. Kiua cha kwanza kimekwenda upande,
nimekifumua. Cha pili nimekiacha na upande wake.

Ghaniya yuko kochini tangu alasiri,
shingo imezama kwenye simu kama ndoo kisimani,
miaka kumi na tisa, mgongo ndoana.
Ananiuliza, bila kuinua uso,
kama leo nimetimiza dakika zangu.

Mkanda uko msumarini, nyuma ya mlango,
bado una joto la mabega yangu.
"Weka simu," namwambia. "Njoo hapa.
Geuka."