Sauti ya Mifupa

Mimi ndiye niliyeivunja ile mifupa.
Msishtuke. Zilikuwa karoti,
kilo mbili kutoka gengeni kwa Delmo,
nyuma ya stesheni ya Tiburtina, Roma,
na kile kisu kilichozama tumboni mwa binti
kilizama kwenye tikiti lililoanza kuoza.
Juni ya sabini na nane. Chumba cha chini,
magodoro ukutani kuzuia kelele za tramu,
na Ivo mashineni: Ersilia, rudia,
safari hii polepole, kama mtu asiyetaka kufa.
Nani hutaka?

Filamu ikatoka. Padri wetu akaikemea
Jumapili tatu mfululizo, bila kuiona.
Mahakama ya Milano ikakamata mikanda,
hakimu akadai aonyeshwe maiti.
Tukampelekea maiti mwenyewe, Nives,
mimba ya miezi saba, anamenya chungwa.
Akafungua skafu, shingo hii hapa, nzima.
Karani akacheka. Hakimu hakucheka.
"Basi ni nani aliyekufa?"

Hakuna, tukasema.
Nami nikaapa hivyo hivyo,
mkono juu ya kitabu, ungali unanuka tikiti.

Dakika ya arobaini na moja mnaijua,
ndipo mnapofumba macho
au mnapojitia hamfumbi:
yule nguruwe mdogo, ukingoni mwa Aniene.
Hapo sikushika karoti.
Ivo alisema sauti imekuja nayo toka mtoni,
safi, haina haja ya kutiwa kitu.

Jana usiku, Torino, vijana mia tatu
wenye uso wa Nives vifuani mwao
walisimama kunipigia makofi.
Mmoja akaniletea karoti niitie saini.
Nikaitia. Kalamu iliteleza.
Wanajua yote: lenzi, hali ya hewa,
damu ilikorogwa kwa sharubati gani.
Wakaniuliza siri ya ufundi,
nikawapa hadithi ya tikiti, wakaridhika,
na mimi, Mungu anisamehe, nikaona raha.

Hotelini nilifungua bomba la maji,
nikakaa kitako kando yake na koti langu.

Hesabu za kampuni zilikuwa mezani pa hakimu.
Ukurasa wa pili, kati ya kamba na rangi:
*vifaa vinginevyo, kimoja, lire elfu kumi na nane.*
Niliuona kutoka kizimbani.
Nilisubiri augeuze.